Usiku wa Kuamkia 9 Desemba 1961: Uhuru wa Tanganyika Ulivyokabidhiwa na Mahali Tunapoukosea

Kila Desemba, kwenye ratiba za sherehe, mabango ya halmashauri na hotuba za wanafunzi, sentensi moja hurudi karibu vilevile: Tanzania ilipata uhuru wake tarehe 9 Desemba 1961 chini ya Rais wa kwanza, Mwalimu Julius Nyerere, na jeshi letu likapandisha mwenge juu ya Mlima Kilimanjaro. Sentensi hiyo ina nia njema na inasomeka vizuri jukwaani. Lakini siku hiyo nchi iitwayo Tanzania haikuwapo, Mwalimu hakuwa Rais, na jeshi tulilonalo leo lilikuwa halijaundwa. Mwandishi wake hakutaka kudanganya. Amebana mambo ya miaka kadhaa ndani ya usiku mmoja.

Usiku wenyewe unastahili kuelezwa vizuri zaidi ya hapo. Tuufungue kipande kimoja kimoja: nani alimkabidhi nani kitu gani, kwa hati ipi, saa ngapi, na kipi kilibaki mikononi mwa Uingereza hadi mwaka uliofuata.

Nchi ya udhamini

Tanganyika haikuwa koloni la Uingereza kwa maana ya kisheria. Wajerumani walipoipoteza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza ilipewa kuitawala kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, na mwaka 1946 ikawa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Kwa mkulima wa Rungwe au Kwimba tofauti hiyo haikuonekana sana, kwani bwana shauri alikuwa yuleyule na kodi ilikuwa ileile. Kwa wanasiasa ilikuwa kubwa mno. Mdhamini hamiliki, na anadaiwa hesabu. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulikuja kila baada ya miaka mitatu kukagua, na wananchi walikuwa na haki ya kupeleka malalamiko yao New York. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alifika huko kueleza jinsi Wameru walivyoondolewa kwenye ardhi yao. Ujumbe wa mwaka 1954 uliandika kwamba nchi ingeweza kujitawala ndani ya miaka 20 hadi 25, maneno ambayo serikali ya kikoloni haikuyapenda hata kidogo. TANU, iliyozaliwa tarehe 7 Julai mwaka huohuo, ikawa imepata cha kushika. Machi 1955 Mwalimu alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa akiwa msemaji wa chama.

Ndiyo maana kumaliza utawala wa Kiingereza Tanganyika kulihitaji kufunga milango miwili. Mmoja ulikuwa London, ambako Bunge lilipaswa kutunga sheria ya kuiachia nchi. Wa pili ulikuwa New York, ambako Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipaswa kutamka kwamba mkataba wa udhamini umekoma. Anayeeleza uhuru huu kana kwamba ulikuwa jambo kati ya Dar es Salaam na London peke yake ameacha nusu ya kisa, na hataelewa kwa nini tarehe yenyewe ilihama.

Tarehe iliyohama

Uchaguzi wa Agosti 1960 uliipa TANU viti 70 kati ya 71, na Septemba Mwalimu akawa Waziri Kiongozi. Mwisho wa Machi 1961 mkutano wa katiba ulifanyika katika Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam, chini ya Iain Macleod, Waziri wa Makoloni wa Uingereza. Mikutano ya namna hii kwa nchi nyingine mara nyingi ilifanyika London. Huu ulifanyika hapahapa, ukaisha kwa siku chache. Yalikubaliwa mambo mawili: madaraka ya ndani kuanzia tarehe 1 Mei 1961, na uhuru kamili tarehe 28 Desemba 1961.

Ndiyo, tarehe 28. Aprili mwaka ule Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kumaliza udhamini kwa tarehe hiyohiyo. Baadaye siku ikawahishwa hadi tarehe 9, na Novemba Baraza Kuu likalazimika kupitisha azimio jingine ili tarehe zilingane. Sheria ya Uhuru wa Tanganyika iliidhinishwa London tarehe 22 Novemba, zikiwa zimebaki siku 17. Kwa hiyo ukikuta nyaraka ya mwaka 1961 imeandikwa 28 Desemba, usiirekebishe kwa kalamu nyekundu. Ni sahihi kwa siku iliyoandikwa.

Hapa pia ndipo linapotoka kosa la picha. Ile picha mashuhuri ya Mwalimu akiwa amebebwa juu juu na umati, na bango la uhuru kamili 1961 mbele yake, huchapwa kila mwaka chini ya maneno "Siku ya Uhuru, 9 Desemba 1961". Picha hiyo ni ya Machi, wakati wa furaha ya mkutano wa Karimjee. Bango lenyewe linamsaidia mwenye macho: watu hubeba bango la mwaka kwa jambo wanalolidai au lililoahidiwa, na anayesherehekea kitu alichokwisha kukipata hana haja nalo.

Tarehe 1 Mei 1961, siku Mwalimu alipokuwa Waziri Mkuu wa serikali yenye madaraka ya ndani, imesahaulika kabisa Tanzania. Wakenya wana siku kama hiyo, 1 Juni 1963, na wanaisherehekea kwa jina la Madaraka. Yetu iliangukia Mei Mosi, na Sikukuu ya Wafanyakazi ikaifunika.

Uwanjani

Jioni ya Ijumaa, tarehe 8 Desemba, watu walimiminika Uwanja wa Taifa, ule ambao sasa ni Uwanja wa Uhuru na ambao watu wa Dar es Salaam wanauita Shamba la Bibi. Si huu mkubwa wa Benjamin Mkapa uliojengwa jirani yake karne hii, ingawa picha za huu mpya huwekwa mara nyingi kwenye makala za uhuru.

Neno moja kuhusu saa, kwa sababu ndilo linalowakwaza waandishi wa ratiba. Bendera zilibadilishwana saa sita usiku. Ukiandika "saa sita usiku, tarehe 9 Desemba", msomaji mmoja ataelewa usiku wa Ijumaa, mwingine usiku wa Jumamosi. Kiswahili kimeshatupa dawa: usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 9 Desemba. Andika hivyo, na hakuna atakayekwenda siku isiyo yake.

Saa ilipotimia, taa za uwanja zilizimwa. Bendera ya Uingereza, iliyokuwa imepigiwa wimbo wa Malkia, ilishushwa gizani. Taa zilipowaka tena, iliyokuwa juu ya mlingoti ni bendera ya Tanganyika, na wimbo ukawa Mungu Ibariki Afrika, kwa muziki wa Enoch Sontonga wa Afrika Kusini. Giza lile lilikuwa na kazi yake. Lilimsitiri anayeondoka, na likauondolea umati nafasi ya kuzomea. Maelfu waliokuwapo hawakuiona bendera ya Mwingereza ikishuka. Waliona giza, kisha wakaona yao. Igizo la shule linaloonyesha gavana akishusha bendera mchana kweupe huku watoto wakizomea limepindua maana yote ya tukio. Kuliigiza kwa usahihi ni rahisi na kunagusa zaidi: ukumbi, swichi moja ya taa, sekunde chache za ukimya, basi.

Tuitazame bendera yenyewe kwa karibu, kwani ndipo mapambo mengi yanapokosea. Ilikuwa na mistari ya kulala, si ya mshazari: kijani juu, nyeusi katikati, kijani chini, na kati ya kijani na nyeusi mstari mwembamba wa dhahabu kila upande. Ukiondoa dhahabu unabaki na bendera ya TANU, kijani na nyeusi na kijani. Hakukuwa na buluu. Buluu ilikuja na Zanzibar mwaka 1964, ndipo rangi zikapangwa upya kwa mshazari. Kwa hiyo bango la "Uhuru 1961" lenye bendera ya sasa limekosea miaka mitatu. Na kwa bendera ya sasa, kosa la kila mara ni kuitundika kichwa chini. Kijani kinakaa juu, upande wa mlingoti. Buluu inakaa chini, upande unaopepea. Mkanda mweusi wenye kingo za dhahabu unapanda kutoka kona ya chini ya mlingoti kwenda kona ya juu ya upande wa pili. Ukiona buluu juu, ishushe mara moja uigeuze, hata kama mgeni rasmi ameshaketi.

Kileleni

Usiku huohuo Luteni Alexander Gwebe Nyirenda alikuwa juu ya Kilimanjaro na bendera na mwenge. Alikuwa miongoni mwa maofisa Waafrika wa mwanzo kabisa wa Tanganyika waliofunzwa katika chuo cha kijeshi cha Sandhurst, Uingereza. Kilele alichokifikia, mita 5,895, kilikuwa kikijulikana kwa jina la mfalme wa Ujerumani, Kaiser Wilhelm, alilokipa Hans Meyer mwaka 1889. Jina la Uhuru lilikuja na tukio hili. Kwa hiyo Nyirenda hakupanda Kilele cha Uhuru. Alipanda kilele cha Kaiser, na alichokwenda kukifanya ndicho kilichokibadilisha jina. Mtu akielewa hilo, upandaji ule unakuwa mzito zaidi moyoni.

Wazo la mwenge ni la zamani kuliko usiku ule. Tarehe 22 Oktoba 1959, katika Baraza la Kutunga Sheria, Mwalimu alisema kwamba watu wa Tanganyika wangependa kuwasha mwanga na kuuweka juu ya Kilimanjaro, umulike hata nje ya mipaka, ulete tumaini palipo na kukata tamaa, upendo palipo na chuki, na heshima palipojaa dharau. Akaongeza kwamba hatuwezi kutuma roketi mwezini kama mataifa mengine, ila tunaweza kutuma roketi za upendo na matumaini kwa binadamu wenzetu popote walipo. Mwezi mmoja kabla, chombo cha Warusi kilikuwa kimefika mwezini, na wasikilizaji wake walijua anazungumzia nini. Alisema kwa Kiingereza, na neno alilotumia lilikuwa mshumaa. Kiswahili kikaupokea mshumaa ule kikaufanya mwenge, na kilifanya vyema. Mshumaa ni wa ndani ya nyumba, mwenge ni wa kutembea nao usiku njiani, wa kuwaongozea wengine. Hadi leo Mwenge wa Uhuru haukai mahali pamoja. Unakimbizwa kila mwaka mikoa yote ya Bara na Zanzibar, na siku hizi mbio zake hufungwa tarehe 14 Oktoba, siku ya kumbukumbu ya Mwalimu.

Husemwa wakati mwingine kwamba watu wa Dar es Salaam waliuona mwenge ukiwaka mlimani. Haiwezekani. Kutoka kileleni hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 400 kwa mstari ulionyooka, na kwa sababu ya mviringo wa dunia upeo wa macho kutoka mita 5,895 unafika kilomita 270 hivi. Halafu juu kule mgandamizo wa hewa ni nusu hivi ya ule wa pwani, na moto huwaka kwa shida. Mwenge ule uliwashwa ili ijulikane kwamba umewashwa, na habari yake ndiyo iliyomulika.

Jeshi la Nyirenda nalo litajwe kwa jina lake. Kikosi cha King's African Rifles kilichokuwa na makao Tanganyika kiligeuka kuwa Tanganyika Rifles kwa uhuru, na maofisa wake wengi walibaki kuwa Waingereza. Januari 1964 askari wake waliasi, kikosi kikavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 ikaundwa JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Kusema JWTZ ilipandisha bendera mwaka 1961 ni kulipa jeshi la leo sifa ya jeshi jingine, na kumnyima Nyirenda historia yake halisi.

Kilichokabidhiwa na kilichobaki

Bendera ni ishara. Makabidhiano yenyewe yalikuwa ya karatasi: Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth II na mwakilishi wake katika sherehe, alimkabidhi Mwalimu hati za katiba. Mwalimu alizipokea akiwa Waziri Mkuu. Mkuu wa nchi alibaki Malkia, safari hii akiwa Malkia wa Tanganyika, na Sir Richard Turnbull, aliyekuwa gavana tangu 1958, akawa Gavana Mkuu anayemwakilisha. Hapo ndipo wengi hushtuka: uhuru kamili, na Mwingereza yuleyule bado Ikulu? Ndiyo. Tofauti ni kwamba kabla ya usiku ule Turnbull alipokea maagizo kutoka London, na baada yake alipaswa kufuata ushauri wa mawaziri wa Tanganyika. Mtu alibaki, mamlaka yakahama. Tarehe 14 Desemba Tanganyika ikaingia Umoja wa Mataifa ikiwa mwanachama wa 104, na mlango wa New York ukawa umefungwa kwa heshima.

Kwa mwananchi wa kawaida, jambo lililobadilika papo hapo saa sita usiku lilikuwa uraia. Hili halisemwi kabisa kwenye sherehe, na kwa maoni yetu ndilo lenye uzito kuliko yote. Kanuni ilikuwa hii: aliyezaliwa Tanganyika, ambaye tarehe 8 Desemba 1961 alikuwa raia wa Uingereza na makoloni yake au mtu aliye chini ya ulinzi wa Uingereza, aliamka tarehe 9 akiwa raia wa Tanganyika bila kujaza fomu yoyote, mradi angalau mzazi wake mmoja naye awe amezaliwa Tanganyika. Kwa sehemu kubwa ya Waafrika wa nchi hii hilo lilipita kama upepo. Kwa wengine lilikuwa kisu. Chukua mfano wa dukani: kijana mwenye asili ya Kihindi, amezaliwa Tanga, wazazi wote wawili wamezaliwa Gujarat. Usiku ule hakupata uraia. Alipewa miaka miwili, hadi 9 Desemba 1963, ajiandikishe. Mtoto wake aliyezaliwa Tanga kabla ya uhuru, ambaye baba yake ni huyohuyo mzaliwa wa Tanga, alikuwa raia tayari. Nyumba moja, baba bado, mtoto tayari. Familia nyingi za Kiasia zilikaa mezani kwa miezi kupima uamuzi huo: kujiandikisha na kuacha pasi ya Uingereza, au kungoja.

Kanuni hiyo ilipiganiwa. Oktoba 1961 baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Mwalimu alisimama akasema kwamba kuugawa uraia kwa rangi ya ngozi ni ubaguzi uleule waliokuwa wakiupinga, na kwamba serikali yake ingejiuzulu kama ingeshindwa katika jambo hilo. Muswada ukapita. Uhuru wa Desemba ungekuwa kitu kingine kama siku ile ya Oktoba ingekwenda kombo, na tunashangaa kwamba tarehe hiyo haina hata mstari mmoja katika hotuba nyingi za Siku ya Uhuru.

Tarehe 9 ya pili

Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, Mwalimu alijiuzulu uwaziri mkuu ili akajenge chama, na Rashidi Mfaume Kawawa akachukua nafasi yake. Novemba ulifanyika uchaguzi wa Rais, Mwalimu akishindana na Zuberi Mtemvu wa ANC, chama cha upinzani cha Tanganyika, na akashinda kwa zaidi ya asilimia 98. Tarehe 9 Desemba 1962 Tanganyika ikawa Jamhuri. Malkia akaondoka katika katiba, cheo cha Gavana Mkuu kikafutwa, na Mwalimu akaapishwa kuwa Rais wa kwanza. Urais wake unaanza hapo, si mwaka 1961.

Tarehe ileile ilichaguliwa kwa makusudi, ndiyo maana sikukuu hii iliitwa Siku ya Uhuru na Jamhuri. Kenya ilifanya vivyo hivyo: uhuru 12 Desemba 1963, jamhuri 12 Desemba 1964. Wao walibaki na jina la Jamhuri, sisi likabaki la Uhuru. Nao pia walipandisha bendera mlimani, Kisoi Munyao akiifikisha juu ya Mlima Kenya.

Halafu lipo suala la jina la nchi. Zanzibar ilipata uhuru wake tarehe 10 Desemba 1963 chini ya Sultani Jamshid, na mapinduzi ya 12 Januari 1964 yakaiondoa serikali hiyo. Serikali ya Zanzibar huadhimisha Januari, haiadhimishi Desemba. Muungano ni wa tarehe 26 Aprili 1964. Kwa mpangilio huo, 9 Desemba haiwezi kuwa uhuru wa Tanzania nzima. Serikali imezoea kuandika "Uhuru wa Tanzania Bara", kama ilivyokuwa katika maadhimisho ya miaka 50 mwaka 2011. Wapo wanaolipinga jina hilo kwa hoja kwamba mwaka 1961 hapakuwa na Bara, palikuwa na Tanganyika. Hoja hiyo ina nguvu. Ushauri wetu kwa mwandishi ni mwepesi: ukisimulia tukio la 1961, andika Tanganyika, ukitaja sikukuu rasmi ya leo, tumia jina lililo kwenye tangazo la serikali. Usichanganye yote mawili katika sentensi moja bila kueleza.

Gwaride, msamaha, na miaka isiyo na sherehe

Sherehe ya kitaifa ina mfuatano unaojulikana. Viongozi huwasili kwa ngazi, Rais akiwa wa mwisho. Husimama jukwaani, wimbo wa taifa hupigwa, na mizinga 21 hulia nje ya uwanja. Amiri Jeshi Mkuu hukagua gwaride, kisha vikosi vya JWTZ, Polisi, Magereza na JKT hupita mbele yake kwa mwendo wa pole na mwendo wa haraka. Hufuata ndege za jeshi, halaiki ya watoto, ngoma na hotuba. Penye halaiki ndipo mambo huharibika zaidi, kwa sababu watoto wanapangwa uwanjani tangu alfajiri na jua la Desemba la Dar es Salaam halina huruma. Mratibu anayepanga halaiki bila maji, bila kivuli cha kungojea na bila mtu wa huduma ya kwanza karibu na kila kundi atabeba watoto waliozimia kabla Rais hajafika.

Kingine kinachoeleweka vibaya ni msamaha wa wafungwa, unaotolewa na Rais chini ya Ibara ya 45 ya Katiba. Mwaka 2017, sherehe zilipofanyika Dodoma kwa mara ya kwanza, Rais John Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 8,157. Familia nyingi zilisikia namba hiyo na kuelewa kwamba wote wanatoka. Waliotoka siku hiyo walikuwa 1,828; waliobaki 6,329 walipunguziwa vifungo. Anayeandika habari ya msamaha aandike namba zote mbili, kwa kuwa kuna mama anayeisoma habari hiyo akiwa tayari amefunga safari ya kwenda kumpokea mwanawe gerezani.

Na ipo miaka ambayo gwaride halikufanyika. Mwaka 2015, kipindupindu kikiwa kimeenea, Rais Magufuli aliifanya siku hiyo kuwa ya usafi nchi nzima, na shilingi bilioni 4 zilizotengwa zikaelekezwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge. Mwaka 2018 shilingi milioni 995 zilikwenda kwenye ujenzi wa hospitali Dodoma, iliyopewa jina la Uhuru. Mwaka 2022, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, milioni 960 zilielekezwa kwenye mabweni ya shule nane za wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Kinachofutwa katika miaka hiyo ni gwaride na hafla. Siku yenyewe hubaki kuwa sikukuu ya mapumziko, na kichwa cha habari kisemacho "Siku ya Uhuru yafutwa" ni kosa. Barabara na mabweni ni vitu vya kushukuru. Lakini gwaride lilikuwa pia ndiyo saa pekee katika mwaka ambapo mtoto wa darasa la nne husikia kwa redio au runinga mambo ya usiku ule, na likifutwa, shule na halmashauri zinapaswa kuipanga saa hiyo kwingine: kusoma tarehe, kuchora bendera ya mistari mitano, kuzima taa na kuziwasha.

Mwisho, hesabu ya miaka, ambayo huwaponza hata wahariri wazoefu. Kumbukumbu ya kwanza ya uhuru ilikuwa 9 Desemba 1962. Kwa hiyo toa 1961 kutoka mwaka uliopo, usiongeze moja: mwaka 2021 ilikuwa miaka 60 ya Uhuru. Siku hiyohiyo ilikuwa miaka 59 ya Jamhuri, kwa kuwa hiyo unaitoa kwenye 1962. Ratiba ikisema "miaka 60 ya Uhuru na Jamhuri" imekosea upande mmoja, na anayeichapa aulizwe kabla mabango hayajatoka kiwandani.